Yuka ya Mama Deki

Mama yetu alipiga deki korido za idara ya maji kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo bomba la nyumbani kwetu lilitoa maji siku mbili kwa wiki, tena likipenda. Mganga hajigangi. Kazini walimwita Mama Deki. Jina likamfuata mpaka mtaani, likatupata na sisi, tukawa watoto wa Mama Deki shuleni na dukani. Kaka yangu alipigana mara mbili kwa ajili ya jina hilo, akapigwa mara zote mbili, na mama akamwambia aache kulipigania kwa kuwa yeye mwenyewe halimuumi.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kumsikia akisifiwa. Ukiwauliza ndugu zangu mama ni mtu wa namna gani, watakujibu haraka kwamba ni mvumilivu. Na mimi nilijibu hivyo miaka mingi. Siku hizi nikilisikia neno hilo natamani kumrushia mtu kiatu, na kwa kuwa aliyelisema sana ni mimi, kiatu kinabaki mguuni.

Tuko watatu. Kaka ni karani wa ghala la saruji, na nyumbani tunamwita Mwenyekiti kwa kuwa hawezi kukaa na watu wawili bila kufungua kikao. Mdogo wetu wa mwisho anafundisha chuo katika mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Yeye ni Profesa, ingawa chuo chenyewe bado hakijakubali. Mimi ni wa kati, nashona sare za shule. Baba alikuwepo mpaka Profesa alipoanza kuota meno. Hakufa, alihama tu, kama mpangaji aliyechoshwa na nyumba.

Mwezi uleule aliohama, mkuu wa idara ya maji aliamuru yuka iliyokuwa ofisini kwake itolewe, kwa sababu ncha ya jani ilimchoma mgeni wake shavuni. Kwa asiyeijua, yuka ni mmea wenye shina kama gogo na majani marefu magumu yaliyosimama juu kama visu; wengi huidhani mkonge. Haijali jua wala kiangazi. Walipoikata vipande ili ipite mlangoni, mama alikuwa amesimama na ndoo yake akisubiri wamalize asafishe udongo. Akaokota kipande cha shina chenye urefu wa mkono, kina shungi la majani juu, akakiviringisha kwenye tambara na kurudi nacho nyumbani.

Akakiweka juu ya kabati. Usiku ule Profesa akashikwa na homa, na homa ile ilikaa zaidi ya wiki. Siku ya tisa ndipo mama alipokumbuka kile kipande. Kilikuwa kimesinyaa, na pale kilipokatwa pamekauka kama ganda la mkate. Akakipanda hivyohivyo kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga wa ujenzi, bila matumaini, kwa sababu tu hakupenda kutupa kitu kilichotupwa tayari mara moja. Baada ya miezi miwili kikatoa jani jipya.

Mtunza bustani wa ofisini alipoisikia habari hiyo alimwambia kwamba angekipanda siku ileile kingeoza. Yuka ikikatwa, kidonda lazima kikauke kwanza. Kikigusana na maji kingali kibichi, kazi imekwisha. Mama aliipenda sana hadithi hiyo. Akiisimulia alikuwa akimalizia kwa kusema, "Nilifanya sawa kwa kusahau." Nafikiri tulilisikia neno hilo mara nyingi mno.

Kopo likawa dogo, yuka ikahamia kwenye ndoo, na ndoo ilipopasuka ikahamia kwenye nusu ya pipa la chuma, alilolitoboa mama matundu saba chini kwa msumari. Ilisimama chumba cha mbele, karibu na dirisha linalotazama uani, vyumba viwili vyenyewe vikiwa ndiyo nyumba yetu yote. Ikafika kiwango cha kizingiti cha juu cha mlango, ikatoa vichwa vitatu. Msinichoshe kwa kutafuta maana kwenye hivyo vitatu. Mama mwenyewe hakuwahi kuvihesabu.

Kuitunza kulikuwa na mambo manne, na yote nilifundishwa mimi, kwa kuwa mama alisema watoto wake wa kiume hawana subira. Jumapili unapangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu, moja baada ya jingine, kutoka shinani kwenda nchani, maana ukirudi nyuma litakukata. Majani ya chini yakikauka unayavuta, huyakati. Kila tarehe moja ya mwezi unaligeuza pipa robo ya mzunguko, ili mmea usiinamie dirishani kama mbea. Mama alikuwa ametia alama nne ukingoni mwa pipa kwa rangi nyekundu ya kucha, rangi aliyoninyang'anya nikiwa na miaka kumi na mitatu, na alama moja lazima ikabili dirisha.

Jambo la nne lilikuwa maji. "Usiangalie siku," aliniambia. "Siku zinadanganya. Tia kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka kimegandwa na udongo, iache. Kikitoka kikavu na kisafi, ipe vikombe viwili, basi." Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga foleni na madumu, na hakuna mmea mwingine ambao ungekubali kuishi na sisi. Wiki tatu, nne, hata sita zilipita bila yuka kupata tone. Iliendelea kusimama.

Neno la mama lilikuwa "msijisumbue." Viatu vyake vilipotoboka na Mwenyekiti akasema atamletea vingine, alisema msijisumbue. Paa lilipovuja juu ya kitanda chake, alisogeza kitanda na kusema msijisumbue. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, alikuja kwa miguu huku homa ikimtoa jasho, akaosha nepi za siku nzima, nami nikamwambia, "Mama, lala kidogo." Akajibu, "Usijisumbue na mimi, mwanangu." Nikajigeuza ukutani, nikalala mimi.

Siku aliyostaafu tulifanya kajisherehe uani. Mwenyekiti akasimama na glasi ya soda, akakohoa kama kawaida yake, akasema, "Mama yetu ni kama ile yuka yake. Huimwagilii, na bado imesimama." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, mkono mdomoni. Kaka alipoona imependwa akairudia kwenye kila mkusanyiko, miaka minne, na mimi nilicheka kila mara. Kufikia mara ya nne au ya tano mama alikuwa hacheki tena. Alikuwa anaitazama tu ile yuka, kama mtu aliyetajwa jina pamoja na mwenzake.

Nyonga ilianza kumsumbua mwaka wa pili baada ya kustaafu. Alijikaza kisabuni. Alikuwa na jirani mmoja aliyemtegemea, mwanamke wa chumba cha ng'ambo ya ua, anayefua na kupiga pasi nguo za watu. Mtaa mzima unamwita Dobi, na sijui kama ana jina jingine. Dobi alimtekea maji, alimnyooshea mgongo kwa mafuta, alikuwa na ufunguo wa akiba. Lakini Dobi ni mwembamba kama waya wake wa kuanikia, na pipa lililojaa mchanga na udongo ni kazi ya watu wawili wenye mifupa.

Tuna kundi la familia kwenye simu. Mama hakupenda kuandika, alikuwa anatuma sauti. Tarehe moja ya mwezi mmoja wa kiangazi alituma sauti ya sekunde kumi na moja, na bado ninayo. Anasema: "Wanangu, hamjambo. Pipa linataka kugeuzwa, mimi nyonga inakataa. Akipita mmoja wenu anigeuzie. Si lazima leo. Msijisumbue."

Mwenyekiti akajibu kwa kidole gumba. Profesa akajibu kwa kidole gumba na moyo. Mimi niliandika, "Sawa mama, wiki hii." Wiki ile shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nilikuwa na sketi mia na arobaini za marinda, kila sketi marinda ishirini na nne. Huo ndio udhuru wangu, nimeuweka hapa uonekane ulivyo mdogo. Nakaa mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka kwake.

Mwezi uliofuata akatuma tena, tarehe moja. Profesa akaandika kwamba Mwenyekiti yuko karibu. Mwenyekiti akaandika kwamba ghala linakaguliwa. Mwezi wa tatu akatuma tena, na safari hii akaongeza kwamba yuka imeanza kuinama. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja alidhani ni zamu ya mwingine kujibu. Penye miti hapana wajenzi. Nilimpitia mara moja kati ya siku hizo, nikiwa na mfuko wa vishikizo mkononi, nikasimama mlangoni dakika tano. Niliiona yuka imelalia upande wa dirisha. Nikasema nitarudi na kaka tuigeuze. Akasema msijisumbue, na mimi nikashukuru moyoni kwa neno lile, nikaenda zangu.

Tarehe tatu ya mwezi uliofuata, asubuhi, Dobi alikuwa anaanika mashuka akasikia kishindo. Alimkuta mama sakafuni kando ya pipa, mkono mmoja bado umeshika ukingo. Nyonga ilikuwa imevunjika. Niliingia chumbani mchana, baada ya gari la wagonjwa kumchukua, nikatazama zile alama nyekundu. Pipa lilikuwa limesogea upana wa vidole vinne. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; kwetu wasiosikia tulikuwa sisi, na guu likawa lake.

Hospitalini tulikaa watatu kwenye benchi la korido, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Profesa alikuwa amesafiri usiku kucha na macho yake yamevimba. Korido ilikuwa imepigwa deki karibuni, bado inang'aa, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinua macho kutoka sakafuni. Ndipo Mwenyekiti akafungua kikao.

"Kuanzia leo," akasema, "mama akisema msijisumbue, hatumsikilizi. Tumemwamini kijinga. Mama ni kisebusebu na kiroho papo. Akikataa kitu, maana yake anakitaka."

"Kweli kabisa," Profesa akasema.

"Tuape," nikasema mimi, na tukaapa, tukalia, tukashikana mikono. Ni azimio pekee la Mwenyekiti lililowahi kupita bila kupingwa, na nilitoka pale nikijiona mtu mpya.

Walimfanyia upasuaji siku ya tano. Alipozinduka na kunywa maji, swali lake la kwanza lilikuwa yuka.

"Ipo, mama," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi, nitaimwagilia."

"Msiimwagilie," akasema. "Iacheni tu. Msijisumbue."

Nikamwangalia Mwenyekiti, naye akaniangalia. Lilikuwa neno lilelile. Mzee wa watu kalazwa na chuma nyongani, anahangaikia mmea wake, na bado anajifanya hataki tumsaidie. Tukatabasamu kwa uchungu, kama watu waliokwisha kuujua ujanja.

Mimi nilikwenda Jumatano na Jumamosi. Bomba likiwa kavu nilibeba maji kutoka kwangu, dumu la lita tano, nusu saa juani, na nilipenda jinsi lilivyonikata kiganja. Nilimimina lote. Nikikumbuka sana naona kwamba sikuwa nikiumwagilia mmea, nilikuwa nikijimwagilia mwenyewe. Siku zile sikujua kwamba Mwenyekiti alikuwa anakwenda kila Jumapili baada ya ghala kufungwa, na kwamba yeye humimina ndoo. Tena aliona maji yakitoka kwenye yale matundu saba na kulowesha sakafu ya mama, akaleta beseni pana la plastiki, akalisukuma chini ya pipa aliloliinua kwa mtaimbo, maji yakae. Profesa aliomba likizo ya wiki mbili, akalala kwenye kitanda cha mama, mchana akashinda hospitalini, na kila asubuhi alimimina jagi, maana kila kiumbe hai, alisema, huhitaji maji. Juu ya hayo akanunua mbolea ya chupa.

Utauliza kwa nini hatukuulizana. Kwa sababu kila mmoja aliwajua wenzake. Mimi nilijua hakika kwamba kaka zangu wamesahau, kama walivyosahau siku zote, na nilipokuta udongo umelowa nilidhani ni maji yangu ya mara iliyopita, na beseni nilidhani limewekwa na Dobi. Nao walijua vivyo hivyo kuhusu mimi. Lile pipa liligeuzwa pia. Tuligeuza kila mmoja kwa siri yake, tukilisukuma kwa bega na mgongo, mara nne kwa mwezi mmoja, hadi alama nyekundu hazikuwa na maana yoyote.

Dobi alikuwa anatuona. Jumamosi moja aliacha pasi yake akaja mlangoni, mikono imekunjamana kwa sabuni.

"Dada," akasema, "naona ile yuka inapata maji mengi. Mama huwa haipi hivyo."

Nilikuwa nimetoka juani na dumu. "Dobi," nikamwambia, "wewe angalia nguo za watu."

Alirudi akashika pasi yake. Maneno yale niliyasema mimi, kwa mdomo huu, kwa mwanamke aliyemwokota mama yangu sakafuni nilipokuwa nikipanga marinda.

Mama hakuacha kuuliza. Kila siku ya kutazama wagonjwa: yuka vipi? Nasi kila siku: nzuri, mama, inameremeta. Siku moja akashika mkono wa Profesa akauliza, "Kidole mmetia?" Profesa hakuelewa. Alitoka nje akamuuliza nesi kama dawa za maumivu huchanganya akili za wazee, na nesi akasema inawezekana. Profesa akatusimulia kwenye benchi, tukasikitika pamoja. Nami nilikuwa nimekaa pale. Mimi niliyefundishwa nikiwa na miaka kumi, kidole changu mwenyewe kimeshikwa na mkono wake na kuchomekwa kwenye udongo ule, sikukumbuka. Niliitikia kwa kichwa kwamba maskini mama akili imechoka.

Alikaa hospitali wiki tisa. Wiki ya saba majani ya chini yalianza kuwa manjano, nikaona ni kiu, nikaongeza Jumatatu. Wiki ya nane shina likaegemea upande, nikalifunga kwenye mpini wa ufagio kwa vitambaa vya sare. Siku moja kabla hajaruhusiwa nilikata majani yote ya manjano kwa mkasi wangu wa kazi, yaliyobaki nikayapaka mafuta ya kupikia ili yang'ae. Ilipendeza ukiitazama kutoka mlangoni. Nikamtumia picha kwenye kundi, na ndugu zangu wakajibu kwa vidole gumba.

Aliingia kwa magongo mawili, Mwenyekiti mbele, Profesa nyuma, mimi nimeshika mfuko wa dawa. Dobi alikuwa amefagia uwanja mzima. Mama akamsalimu, akapita, akafika katikati ya chumba cha mbele, akasimama. Alinusa kabla hajatazama. Ilikuwa harufu ya tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo, na miaka ishirini na sita ilikuwa imemfundisha kuitambua harufu hiyo kutoka mwisho wa korido.

Akasogea hadi kwenye pipa. Akaegemeza gongo moja ukutani, akaweka kidole gumba kwenye shina na kubonyeza. Kidole kiliingia kama kwenye ndizi iliyoiva mno. Akakitoa, akakitazama, akatazama lile beseni lililojaa maji meusi, akatazama mafuta kwenye majani. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kwa zamu.

"Nani alikuwa anaimwagilia?"

"Mimi, mama," nikasema. Wenzangu nao wakasema neno hilohilo pamoja na mimi, wote watatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja akageuka kumshangaa mwenziwe.

Mama akakaa kitini polepole. "Niliwaambia msiimwagilie."

"Tulidhani..." Mwenyekiti akaanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kikao kikamshinda. Profesa ndiye aliyemaliza. "Tulidhani unasema tu, mama. Kama kawaida yako. Hukutaka kutusumbua."

Mama akapangusa kidole kwenye nguo yake. "Nilipowaambia pipa ligeuzwe," akasema, "hilo nalo mlidhani nasema tu?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru. Nilichoweza kufanya ni kuanza kulia, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Akaomba msumeno. Mwenyekiti akakimbia kuuazima. Mama akaelekeza kutoka kitini: kata hapa. Ndani ya shina palikuwa na rangi ya chai iliyochacha. Kata juu zaidi. Bado chai. Tukakata kichwa cha kwanza, kimeoza kati. Cha pili, kimeoza. Kila mara msumeno ulipopita alikuwa anainama kutazama na kusema, "Panda juu." Kichwa cha tatu, kile kidogo cha upande wa ukutani, kilipokatwa chini kidogo ya majani kikaonyesha nyama nyeupe, safi, imezungukwa na duara jembamba la kahawia. Akasema tuondoe na lile duara, upana wa kidole. Kikabaki kishungi cha majani chenye kipande cha shina kisichozidi urefu wa kiganja. Miaka karibu thelathini ya yuka ile ilikuwa ndiyo hiyo, imelala juu ya gazeti.

"Nitaipanda mimi, mama," nikasema. "Sitaimwagilia kabisa. Naapa."

"Niachie mimi," Mwenyekiti akasema. "Ghalani kuna mchanga mzuri."

Mama alikuwa anatazama uani. Akaita, "Dobi." Dobi akaja, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia.

"Shika hii," mama akamwambia. "Ikaushe dirishani kwako, kivulini. Usiipande mpaka kidonda kifunge."

"Siku tisa," Dobi akasema.

"Siku tisa," mama akasema, na nikaona kwamba Dobi anaijua ile hadithi kuliko sisi, kwa sababu alikuwa ameisikiliza. Akapokea kile kipande kwa mikono miwili, akatoka nacho. Wala hakunitazama.

"Mama," nikamwambia, "sisi ni wanao. Tupe nafasi."

"Nyinyi mna shughuli zenu, mwanangu," akanijibu, kwa upole uleule wa siku zote. "Msijisumbue."

Tukatazamana, watatu. Lilikuwa neno tulilolizoea tangu utoto, na hakuna aliyejua la kulifanya. Baadaye Mwenyekiti akaviringisha lile pipa nje, akalimwaga, na maji yake yakatiririka uani hadi chini ya kamba ya nguo za Dobi.

Huu ni mwezi wa nane tangu arudi nyumbani. Nakwenda kila Jumamosi, sketi ziwe mia au mia tatu. Mwenyekiti huenda Jumapili, Profesa hupiga simu kila jioni. Ukitusikia mtaani tunasifiwa: watoto wa Mama Deki wanamjali mama yao. Yeye hutupokea vizuri. Anauliza watoto, anauliza kazi, anasema asante kwa kila kitu, asante iliyonyooka kama ile anayompa mtu wa gesi. Hajawahi kutuma tena sauti kwenye kundi.

Jumamosi iliyopita sikumkuta kwake. Alikuwa ameketi barazani kwa Dobi, magongo chini, akikunja mashuka makavu ambayo Dobi alikuwa akimpa. Kati yao palikuwa na kopo la rangi, na ndani yake ile yuka, imetoa majani manne mapya, wima, haijainama upande wowote. Ukingoni mwa kopo palikuwa na alama nne nyekundu.

Nikawasalimia, nikamwamkia mama, nikachuchumaa. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nikatia kidole kwenye udongo, mpaka pingili ya pili, kama alivyonifundisha.

"Dobi ameshatia kidole leo asubuhi, jioni ataipa maji," mama akasema, akiwa anasawazisha pembe za shuka.

Nikakitoa kidole. Kilikuwa kikavu na kisafi, nikakipangusa kwenye sketi hata hivyo. Nikamuuliza kama kuna cha kuteka, cha kufua, cha kubeba, chochote. Akasema hakuna, nisijisumbue. Nilimtazama vizuri usoni, na safari hii nikamwamini.